Iringa iliyoifundisha dunia lishe leo inaongoza kwa udumavu

Anayefuatilia habari za lishe nchini ameshaizoea orodha hii: Iringa asilimia 57, Njombe asilimia 50, Rukwa asilimia 50. Hao ni watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa wamedumaa katika mikoa hiyo mitatu kwenye utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kila orodha hiyo inaposomwa kwenye kikao, wajumbe hutikisa vichwa na mmoja wao huuliza: inakuwaje mikoa inayoilisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa?

Swali hilo limeulizwa mara nyingi mno, sasa limekuwa kama salamu, mtu analitoa bila kungoja jibu. Na jibu lipo. Sehemu kubwa ya jibu hilo ilipatikana Iringa hiyohiyo miaka 40 iliyopita, katika ofisi za vijiji zilizoezekwa kwa nyasi na bati, kabla halijachukuliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na kufundishwa duniani kote.

Mwaka 1983 shirika la afya la dunia, WHO, na lile la watoto, UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, yalianza mpango wa pamoja wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Iringa ya wakati ule ilikuwa pana. Njombe, Makete na Ludewa zote zilikuwa ndani yake, mpaka mkoa wa Njombe ulipoanzishwa rasmi mwaka 2012. Kwa hiyo mikoa miwili inayotangulia kwenye orodha ya leo ilikuwa mkoa mmoja, na ndio uliokuwa darasa la lishe la dunia nzima.

Kila baada ya miezi mitatu watoto wa kijiji walipimwa uzito. Mizani ya kuning'iniza ilifungwa kwenye tawi la mti au kwenye boriti, mtoto akavishwa bukta ya kitambaa yenye mikanda, akaning'inia huku akilia na kurusha miguu, mshale ukisimama uzito ukasomwa kwa sauti, na nukta ikawekwa kwenye kadi. Hadi hapo hakukuwa na jipya, maana kliniki zilikuwa zikifanya hivyo tangu zamani. Jipya lilikuwa kilichofuata. Matokeo hayakukimbizwa wilayani. Yalibaki kwanza kijijini, na kamati ya afya ya kijiji ikaketi nayo, ikapitia mtoto mmoja mmoja. Huyu kwa nini ameshuka? Mama yake yuko shamba la mbali na analala hukohuko. Yule je? Baba ameuza mahindi yote. Na yule pale juu? Mama yake ana mapacha na hakuna wa kumsaidia. Kisha wakaamua: huyu apelekwe zahanati, baba huyu aitwe, watoto wa mtaa ule waanzishiwe kituo cha kula mchana wakati mama zao wako shambani. Baada ya miezi mitatu walipima tena kuona kama uamuzi wao umezaa kitu.

Kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena. Wataalamu waliupa utaratibu huo jina kubwa, lakini mjumbe wa kamati ambaye hakumaliza hata darasa la saba aliuelewa bila semina. Ndani ya takriban miaka mitano, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi karibu 38. Wenye utapiamlo mkali, ambao walikuwa zaidi ya asilimia 6, walishuka chini ya asilimia 2. Mpango ukasambazwa mkoa mzima, kisha mikoa mingine.

Hapo ndipo ulipotokea ule mchoro maarufu wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliuchapisha mwaka 1990 na ambao mwanafunzi yeyote wa lishe, awe Morogoro au Lima, hana budi kuujua. Urban Jonsson, Mswidi aliyekuwa akifanya kazi na UNICEF nchini, pamoja na wenzake Watanzania wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walikuwa wamejionea kwamba mtoto hadhoofiki kwa sababu moja. Anadhoofishwa na ulaji duni na maradhi yanayokwenda pamoja. Nyuma ya hayo kuna mambo matatu: chakula kilichomo nyumbani, matunzo anayopata mama na mtoto, na huduma za afya pamoja na usafi wa mazingira. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayatoshi.

Ukilishika hilo, kile kitendawili cha ghala kujaa na mtoto kudumaa kinateguka chenyewe. Chakula nyanda za juu kusini kipo, kinachopungua ni matunzo.

Si ufupi wa ukoo

Kabla ya kwenda mbele, kuna hoja moja inapaswa kuondolewa njiani, kwa sababu bado inatumika hata na watu waliosoma. Wapo wanaosema watu wa kusini ni wafupi kwa asili, kwamba vipimo vilitungwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu na havituhusu.

Vipimo vinavyotumika leo vilitolewa na WHO mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa ipasavyo, wenye mama wasiovuta sigara, wanaopata chakula cha kutosha na matibabu. Ilionekana kwamba mtoto wa Accra na wa Muscat wakitunzwa vizuri hukua sawasawa na wa Oslo katika miaka mitano ya mwanzo. Tofauti za koo zipo, lakini ni ndogo katika umri huo. Mtoto wa kiume wa miaka miwili anategemewa kuwa na urefu wa sentimita 87 hivi akiwa amesimama. Akiwa chini ya sentimita 81, amedumaa. Hizo sentimita sita haziwezi kusingiziwa babu wakati zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wako katika hali hiyo.

Na ufupi wenyewe si hasara kubwa. Mtu mfupi anaweza kuwa waziri, na wapo. Hasara ni kilichotokea ndani wakati mifupa ilipokosa kurefuka: ubongo nao ulikuwa unajengwa, na kinga ya mwili pia. Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, watafiti walivipa baadhi ya vijiji uji wenye protini na vingine kinywaji kitamu kisicho na protini. Miongo mitatu baadaye waliwatafuta watoto wale, sasa wakiwa watu wazima. Wanaume waliokunywa ule uji kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Kwa walioupata baada ya miaka mitatu, faida hiyo haikuonekana. Ndiyo maana wauguzi hawaachi kuimba habari ya siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili.

Tatizo la udumavu kisiasa ni kwamba hauonekani. Mtoto wa kwashakoo anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, bibi anashtuka, anapelekwa hospitali. Mkondefu naye anajulikana. Utepe wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 unaangukia kwenye rangi nyekundu na anaanzishiwa matibabu. Tanzania imefanya vizuri hapo: mwaka 2022 ukondefu ulikuwa karibu asilimia 3 tu. Aliyedumaa anacheza, anacheka, anakula. Amesimama katikati ya wenzake ambao nao wamedumaa, nani atamwona?

Saa kumi na moja alfajiri

Fuatilia siku moja ya mama mwenye mtoto wa miezi kumi katika kijiji cha wilaya ya Kilolo, Mufindi au Wanging'ombe, msimu wa kupalilia. Anaamka saa kumi na moja, baridi kali. Anawasha moto, anachota maji, anapika uji wa mahindi wa familia nzima, mwepesi, wa kunywewa kwenye vikombe. Mtoto anapewa kikombe chake. Saa moja mama yuko njiani kwenda shamba. Kama shamba ni la karibu, mtoto anafungwa mgongoni. Kama ni mbali, au kama leo ni kibarua kwenye mashamba ya chai au ya viazi mviringo, anabaki na bibi au na dada yake wa miaka minane. Uji uliobaki umefunikwa jikoni. Mtoto akilia anapewa, wa baridi, vijiko viwili vitatu, kisha dada anarudi mchezoni. Mama anarejea saa tisa au kumi, anaanza kutafuta kuni na mboga. Ugali unaiva usiku, na mtoto ameshalala.

Hesabu mwenyewe alikula mara ngapi. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba mtoto wa miezi sita hadi minane alishwe mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, pamoja na asusa katikati, huku akiendelea kunyonya. Tumbo lake ni dogo, kikombe kimoja tu kinalijaza. Kikombe hicho kikiwa cha uji mwepesi, sehemu kubwa iliyoingia ni maji. Ameshiba, hakulishwa. Njombe wana kauli wanayoitumia kwenye kampeni zao, kwamba kujaza tumbo si lishe, na kauli hiyo inapaswa kuanzia kwenye kikombe hiki.

Hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi linanisikitisha kuliko takwimu zote. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, akiwemo Dk. Wilbald Lorri ambaye baadaye aliiongoza taasisi hiyo, walilishughulikia tatizo hili hili la uji. Dawa waliyoikuta ilikuwa jikoni kwa bibi zetu: kimea. Ulezi au mtama unalowekwa, unaachwa uchipue, unakaushwa, unasagwa. Pika uji mzito, mzito kiasi cha kukaribia ugali, kisha utie kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache uji unalegea na kuwa laini, mtoto anaumeza bila kukabwa, ilhali unga wote umo ndani. Tumbo dogo lile lile linapata chakula maradufu. Walichunguza na togwa, wakaona uchachu wake unazuia vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo uji unaweza kukaa mpaka mchana bila kuwa sumu. Mama anayekwenda shamba alfajiri angependa nini zaidi ya hicho?

Leo kimea utakikuta kwa wapika komoni. Kwa mama wa mtoto wa miezi kumi, mara nyingi hakipo, na kwenye mabango ya lishe mtaani hakionekani.

Badala yake kuna unga wa lishe. Unauzwa kila duka, pakiti ina picha ya mtoto mnono, na orodha ya viungo inajaza upande mzima: mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga. Mama anaona wingi ule anaridhika. Maofisa lishe wamesema mpaka wamechoka kwamba mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ni kundi moja, nafaka, na kuzichanganya tano ni kama kula ugali wa aina tano kwa pilipili moja. Soya isiyoandaliwa vizuri inalichosha tumbo la mtoto. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa wiki nne, unga unaota uchungu, na karanga zenyewe pamoja na mahindi ndiyo makazi ya sumukuvu. Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Ushauri ni rahisi na ni nafuu kuliko pakiti: unga wa nafaka moja au mbili zilizokaushwa vizuri, halafu wakati wa kupika utie karanga zilizopondwa siku hiyo, au maziwa, au dagaa waliotolewa vichwa na kusagwa, au yai lililokorogwa.

Yai. Nyumba nyingi za kijijini zina kuku, na mayai yanakwenda gulioni. Fedha yake inanunua chumvi, sabuni, daftari, mara nyingine soda ya mtoto huyo huyo. Na bado kuna sehemu mjamzito anakatazwa mayai eti mtoto atazaliwa bila nywele. Maziwa nayo yanachukuliwa na mnunuzi asubuhi, maharage yanasubiri bei ipande. Simlaumu mkulima, ada ya shule hailipwi kwa maharage yaliyoliwa. Lakini tuache kushangaa kwamba mkoa unaouza chakula una watoto wasiokila. Na wenye fedha wasijivune. Katika utafiti wa mwaka 2015/16, hata kwenye kundi la kaya tajiri kuliko zote nchini, karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amedumaa.

Yapo na mengine, ambayo kila moja lingestahili makala yake. Njombe na Iringa ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 na 11.1 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022/23, na mama anayeumwa au bibi anayelea yatima watatu hana nguvu ya kulisha mara nne kwa siku. Msimu wa ulanzi unapofika, vilabuni kuna baba na wakati mwingine kuna mama, mtoto yuko mgongoni. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 walioanza kuzaa au wenye mimba walikuwa asilimia 22 nchini mwaka 2022, na mwili unaojenga mifupa yake wenyewe hauna ziada ya kumpa mwingine. Unga unaoongezwa virutubishi viwandani, ulioanza kuwekewa kanuni mwaka 2011, hauwafikii wanaosaga debe moja kwenye mashine ya kijiji.

Je, choo na maji safi? Hili limewatia wataalamu tumbojoto. Tafiti kubwa zilizofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, na kuchapishwa mwaka 2018 na 2019, zilizipa maelfu ya familia vyoo, sabuni na vifaa vya kunawia. Urefu wa watoto haukuongezeka kwa hatua hizo peke yake. Waliopewa chakula cha nyongeza na mafunzo ya kulisha waliongezeka, ila kidogo. Wengine walizisoma tafiti hizo kama sababu ya kukata tamaa. Mimi nazisoma kama uthibitisho wa kile ambacho kamati za vijiji vya Iringa zilikwishajua: sababu ya mtoto huyu si ya yule, na mradi mmoja wa aina moja uliotungwa mbali hauwezi kuwatosha wote.

Takwimu zinazopanda gari

Serikali haikulala, ni lazima isemwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nusu ya watoto wa Tanzania walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, mwaka 2015/16 asilimia 34, na mwaka 2022 asilimia 30. Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ulifika asilimia 64 mwaka huo. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais. Septemba 2022, akiwa Rais, alisimamia utiaji saini wa mkataba mwingine jijini Dodoma. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Kwa mtoto mmoja hizo ni bei ya mayai mawili au matatu. Kwa halmashauri yenye watoto 30,000 ni shilingi milioni 30, fedha inayoweza kufanya kazi ya maana ikifika kijijini, na inayoweza kuishia kwenye mafuta na posho za ufuatiliaji ikibaki makao makuu.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ambayo taifa lilishuka kutoka 34 hadi 30, Iringa ilipanda kutoka asilimia 42 hadi 57. Mkoa uliofundisha wengine ulirudi nyuma.

Kila robo mwaka vijiji hufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Watoto wanapimwa, wanapewa elimu, mapishi ya mfano yanafanyika, wale wa kupelekwa zahanati wanaandikiwa. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ile ya miaka ya 1980. Mhudumu wa afya wa jamii anasoma uzito, anaandika kwenye daftari, anajaza fomu. Fomu inakwenda kwenye kata, kata inajumlisha na kupeleka wilayani, wilaya mkoani, mkoa Dodoma, na huko inakuwa rangi kwenye kadi ya tathmini: kijani, njano au nyekundu. Mkuu wa mkoa mwenye nyekundu anajieleza. Takwimu imepanda gari imekwenda, na kijijini ilipotoka hakuna aliyeketi nayo.

Tena mizani haioni udumavu. Mtoto mfupi mwenye uzito unaolingana na ufupi wake anaweza kuangukia kwenye kijani cha kadi, na mama anaambiwa mtoto yuko vizuri. Wa kusema ukweli ni ubao wa urefu: mtoto analazwa chali, mmoja anashika kichwa kiguse mwisho wa ubao, mwingine ananyoosha magoti na kusukuma kipande cha chini mpaka kwenye nyayo. Inahitaji watu wawili, subira, na mtoto asiyepiga mateke, jambo ambalo ni adimu. Siku yenye watoto 80 kwenye foleni, ubao ndio wa kwanza kuachwa.

Nini kiliua utaratibu wa zamani? Fedha za wafadhili zilikwisha. Wajumbe wa kamati walikuwa wanajitolea, na kujitolea kuna mwisho wake pale bei zinapopanda na mkulima anapoachwa bila ruzuku. UKIMWI ulipita Makete na Njombe kama moto. Lakini naona kuna sababu nyingine ambayo haigharimu fedha: tuliamua kwamba lishe ni kazi ya wataalamu. Tukaajiri maofisa lishe kwenye halmashauri, jambo jema, kisha wenyeviti wa vijiji wakapumua, wakarudi kwenye migogoro ya mipaka. Afisa lishe mmoja wa wilaya yenye vijiji zaidi ya mia hawezi kujua kwamba mama fulani analala shamba la mbali. Jirani yake anajua.

Vilevile kinababa. Mwito wa kliniki unasema mama na mtoto, darasa la uji linawakuta akina mama peke yao, na bango limechorwa mwanamke. Wakati huo huo anayeamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki, mbuzi achinjwe au la, mke aende kibaruani leo au apumzike kwa kuwa ana mimba ya miezi minane, ni mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao hicho. Kumfundisha mama kwamba mtoto ale yai, ilhali yai si lake kuliamua, ni kumwongezea hatia bila kumwongezea uwezo. Kamati za zamani zilimwita baba na kumuuliza mbele ya wazee wenzake.

Wapo watakaosema kujadili watoto wa watu ni kuwaaibisha. Hofu hiyo ina haki yake. Majina yabaki kwenye kamati, wala yasisomwe kwa kipaza sauti, na anayeitwa aitwe kwa heshima, asaidiwe na asitozwe faini. Sipendi sheria ndogo za kumtoza faini mama ambaye mtoto wake hajaongezeka uzito. Hiyo fedha ingekuwa yai.

Kituo cha kulelea watoto mchana msimu wa kilimo hakihitaji jengo la mfadhili. Kinahitaji kivuli, sufuria, bibi wawili wanaopokezana, unga na maharage kutoka kwa kila kaya yenye mtoto, na mtu wa kupika saa nne na saa saba. Vijiji vya Iringa viliwahi kufanya hivyo. Palipo na kituo, mtoto anakula mara mbili zaidi kabla mama hajarudi, na dada wa miaka minane anakwenda shule.

Wenyeviti wa vijiji waliochaguliwa Novemba 2024 wana kipindi cha miaka mitano, muda unaotosha kabisa kuvusha siku 1,000 za mtoto aliyetungwa mimba leo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji nayo ni kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti anaweza kupanga kikao cha kamati kati ya siku hizo mbili, aombe daftari la mhudumu kabla fomu haijaondoka, wajumbe waketi nalo, kisha mkutano mkuu uelezwe wangapi wamedumaa, wangapi wameongezeka, na kijiji kimeamua nini. Hakuna kibali cha wilaya kinachohitajika kwa hilo. Kama kijijini kwenu hilo halifanyiki, mkutano ujao simama uliulize.